Kiwanja Namba Kumi na Nne

Tarehe kumi na mbili Agosti, saa tatu asubuhi, Bi Tarcisia aliingia ofisini kwangu na kofia yake ya ukindu, pana kama sinia, akaniambia anataka kiti kimoja cha ziada na kitanda kimoja cha kukunja.

"Mna mgeni?" nikamuuliza huku nikiandika.

"Mgeni wa Fermo." Akatabasamu bila kuonyesha meno. "Anaitwa Ornella, binti wa mfamasia wa mtaani kwetu Bergamo. Msichana ametulia, ana adabu zake. Meli yake inafika Olbia leo saa kumi na mbili jioni. Fermo atakwenda kumpokea."

Kalamu yangu ikasimama yenyewe.

"Fermo anajua?"

"Nilimwambia juzi. Akasema, sawa, mama."

Sawa, mama! Nikamwandikia kiti, nikamwandikia kitanda, nikamtakia siku njema. Alipotoka niliubamiza mlango wa kabati mpaka picha ya marehemu mama yangu ikakaa upande.

Niseme tu, maana nikibaki nalo kifuani litanipasua. Huyo Fermo anayetafutiwa binti wa mfamasia ni mpenzi wangu. Si wa jana wala wa juzi. Mwaka wa tatu huu.

Kambi hii ni ya baba yangu, Bachisio: viwanja sitini na viwili vya mahema chini ya misonobari, upande wa mashariki wa Sardinia, mahali ambapo ukitoka kwenye hema na usingizi wako unakanyaga mchanga kabla hujafumbua jicho la pili. Fermo alianza kuja hapa na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitano, kiwanja namba kumi na nne, hema lilelile la kahawia lenye baraza ya turubai mbele. Sasa ana thelathini na minne, anafundisha hesabu. Baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Nikadhani hatutawaona tena, lakini Agosti ilipofika, gari likaingia getini, mama mbele, mwana kwenye usukani, hema juu.

Mwaka uliofuata pampu yetu ya maji iliharibika. Fermo alikuja kunisaidia siku mbili nzima bila kusema chochote zaidi ya "spana" na "asante". Siku ya tatu alinipa koleo, nikaishika, naye hakuiachia. Tulisimama hivyo, mikono yetu imejaa grisi, tukatazamana mpaka maji yakaanza kuturukia magotini. Ndivyo Fermo alivyonitongoza. Hakutamka hata neno moja, na mimi mjinga nikaona ni jambo zuri mno.

Tangu hapo ni simu kila Jumapili. Mara mbili nilisafiri kwenda kwao nikimdanganya baba kwamba kuna maonyesho ya mahema. Maonyesho ya mahema mwezi wa pili, na baba akaamini!

Mwezi wa sita mwaka huu aliniapia kwenye simu: "Siku ya kwanza, Vitalia. Tukishuka tu garini namwambia mama."

Basi hesabu na mimi. Siku ya kwanza mama alichoka na meli. Siku ya pili goti lilimuuma. Siku ya tatu ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mzee, na hapo nilimwelewa. Siku ya nne mama alikasirishwa na nyenje, kwamba wanapiga kelele, kana kwamba mimi ndiye niliyewaleta. Siku ya tano kulikuwa na joto. Ya sita anasema hajui kulitokea nini, ila haikuwa siku nzuri. Leo ni siku ya kumi na moja, na amekubali kwenda bandarini kumpokea msichana mwingine.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoninyima raha kuliko hilo. Shule moja ya Nuoro, nusu saa na kidogo kutoka hapa, ilikuwa inataka mwalimu wa hesabu. Fermo aliomba uhamisho, akapewa nafasi. Alitakiwa kusaini kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Nilipomuuliza alisema, "Tutazungumza nikija." Amekuja. Hatujazungumza. Na mwezi wa saba ulishakwisha.

Nilifunga ofisi nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta kwenye karo za kuoshea vyombo, mikono imezama kwenye povu, anasugua sufuria. Aliponiona macho yake yaling'aa. Hayo macho ndiyo yaliyoniponza. Ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yakikutazama unaona kama hakuna mtu mwingine kambini, hata Agosti, hata kukiwa na watu mia tatu.

"Kitanda cha kukunja," nikamwambia. "Nikiweke upande gani? Wako au wa mama yako?"

Yale macho yakashuka kwenye sufuria.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa nasubiri…"

"Fermo, usilimalize neno hilo. Ukilimaliza nakumwagia hii ndoo."

"Vitalia, sikiliza. Mama alishamwalika. Tiketi ilishakatwa. Ningesemaje?"

"Ungesema, mama, nina mtu. Maneno matatu! Wanafunzi wako unawafundisha mambo ya namba zisizoonekana, na wewe maneno matatu yanakushinda?"

Karo ya pili alikuwepo Donna Nunzia, mama wa Napoli mwenye msafara wa wajukuu, ambaye sahani yake ileile alikuwa ameshaiosha mara nne.

"Samahani, wanangu, mimi sisikilizi," akasema. "Lakini huyo aliyekatiwa tiketi ni nani?"

"Binti wa mfamasia," nikamjibu.

"Ala!" Akaweka sahani chini. "Na huyu kijana ni wako?"

"Nilidhani ni wangu."

"Ni wako," Fermo akasema haraka, kwa sauti ndogo, akitazama huku na huku.

"Umemwona?" nikamwambia Donna Nunzia. "Hata hilo analisema kama anaiba."

"Domo zege," Donna Nunzia akatoa hukumu, akatikisa kichwa. "Kazuri ka watu, lakini domo zege."

Fermo alifuta mikono kwenye kaptula, akanisogelea. Alinukia sabuni na jua. Akanishika kiwiko, polepole, kama anavyoshika kila kitu, na mimi nikaona hasira yangu inaanza kuyeyuka, nikazidi kukasirika kwa sababu inayeyuka.

"Unajua nakupenda," akasema.

"Mimi najua. Donna Nunzia anajua. Pampu inajua. Nani mwingine?"

"Ni mama, Vitalia. Tangu mzee afe hana mtu. Hapa ndipo mahali pake, anapapenda, ndipo walipokuwa na furaha. Nikimwambia nabaki kisiwani, ni kama namwambia arudi Bergamo peke yake akae na ukuta."

"Na baba yangu je? Unadhani yeye atanichezea ngoma? Dada yake aliolewa na mtu wa bara aliyekuja hapa kuota jua, na sasa tunamwona Krismasi tu, anakohoa ukungu wa Milano. Baba akisikia mtu wa bara anageuza uso. Lakini mimi nilikuwa tayari kumkabili! Nilikuwa nasubiri wewe uanze, ili nisiwe mwendawazimu peke yangu."

Akakunja nyusi. Fermo akikunja nyusi, mtu asiyemjua angedhani kitu kikubwa kinakuja.

"Na Nuoro?" nikauliza. "Ulisaini?"

Akafungua mdomo. Mjukuu mmoja wa Donna Nunzia akapita katikati yetu akikimbiza mpira, Fermo akampisha, na alipogeuka mdomo ulikuwa umeshafungwa.

"Tuzungumze tukiwa wawili," akasema.

Nilifika mwisho.

"Nisikilize vizuri, mwalimu. Saa saba unakaa kula na mama yako. Kabla hamjafika kwenye matunda uwe umeshasema. Usiposema, nitakwenda kusema mimi, halafu mimi na wewe basi. Utamleta huyo Ornella, utamfungulia kitanda, na mimi nitakupa funguo za bafu kama ninavyompa mteja yeyote."

Nikaondoka. Nyuma yangu nikamsikia Donna Nunzia akisema, "Mwanangu, hiyo sufuria imeshang'aa, kaitafute akili."

Ile saa ya chakula niliipitisha ofisini nimesimama dirishani. Kiwanja namba kumi na nne nakiona nusu, nusu nyingine inazibwa na msonobari. Niliona mkono wa Bi Tarcisia ukigawa mkate. Niliona goti la Fermo likitikisika chini ya meza. Baba aliingia kuchukua nyundo, akanikuta.

"Unatazama nini?"

"Upepo."

Akachungulia angani juu ya milima. "Ni kweli," akasema, "sipendi yale mawingu." Akaenda zake, na mimi nikashukuru kwamba walau uongo wangu mmoja ulikuwa na faida.

Saa nane kasoro Fermo alikuja ofisini, funguo za gari mkononi, kijasho juu ya mdomo.

"Umesema?"

"Nimeanza."

"Umeanza vipi?"

"Nimemwambia… nimemwambia leo kuna joto."

Nilikaa chini. Nilihitaji kukaa.

"Joto."

"Nilitaka kuingilia hapo. Joto, halafu kisiwa, halafu maisha ya kisiwani, halafu wewe. Lakini yeye akasema, ndiyo, joto kweli, nenda kaangalie maji ya gari usije ukakwama njiani. Kwa hiyo nimekuja kuomba maji."

Sijui kama umewahi kumpenda mtu na wakati huohuo ukatamani kumpiga na kitabu cha wageni. Nilimsukuma pembeni, nikatoka, nikashika njia ya kiwanja namba kumi na nne. Nilimsikia akiniita mara mbili, kwa sauti yake ile ya kuiba. Sikugeuka.

Bi Tarcisia alikuwa chini ya baraza, miguu kwenye beseni la maji, anamenya pichi kwa kisu kidogo. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kiti kwa kidole cha mguu.

"Umeleta kitanda?"

"Sikuleta kitanda, Bi Tarcisia. Nimekuja kusema jambo." Nikakaa ukingoni mwa kiti. "Mimi na Fermo tunapendana. Mwaka wa tatu sasa. Si mchezo wa likizo. Mimi nataka kuolewa naye, na yeye anasema anataka kunioa, ila anasema kwangu tu. Nisamehe kwa kukuambia hivi. Nimechoka."

Akakata kipande cha pichi, akanipa kwenye ncha ya kisu.

"Kula. Tamu," akasema. "Najua."

"Unajua nini?"

"Yote. Kila Jumapili mwanangu anaingia stoo na simu, anafunga mlango, anacheka. Nani anacheka stoo? Na ulipokuja Bergamo ule mwezi wa pili, mlikula kwenye mkahawa wa binamu yangu Giacomina. Ndiye aliyewahudumia. Akaniambia msichana anakula vizuri na hakuacha kitu kwenye sahani."

Nilibaki na pichi mdomoni kama mtoto.

"Sasa Ornella…"

"Ornella ana mchumba wake, fundi wa lifti, wanafunga ndoa mwakani. Nilimwambia njoo uogelee siku nne, chakula juu yangu." Akatupa ganda. "Nilisema moyoni, nikimletea msichana mwingine mpaka kwenye kitanda cha kukunja, huyu mtoto atalazimika kusema. Atagonga meza! Atanifokea! Nikamwambia juzi, nikajikaza kusubiri ngurumo. Akasema nini?"

"Sawa, mama," nikasema.

"Sawa, mama!" Akapiga paja. "Nilitaka kumrushia kiatu."

Tulitazamana. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani yeye pia, maana alishika kisu bila kumenya kitu.

"Kwa hiyo hunikatai?" nikamuuliza.

"Wewe sikukatai. Baba yako ndiye atakayenikataa mimi, ananitazama kama mtu wa kodi." Akashusha sauti. "Ninachokiogopa ni kingine, binti. Marehemu mume wangu alikuwa hivihivi. Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Lakini alinileta kwenye hili hema miaka kumi na mitano, na hakuwahi kuniuliza kama nalipenda."

"Hulipendi?"

"Nalichukia!" Alilisema kwa nguvu hadi maji yakaruka kutoka beseni. "Nachukia kulala chini, nachukia mchanga kwenye wali, nachukia nyenje, nachukia kwenda chooni na tochi. Alipofariki nikasema, sasa nimepumzika. Mwezi wa tano mwanangu akasema, mama, tunakwenda kambini? Macho yakimng'aa. Nikadhani anamlilia baba yake. Ningemkatalia vipi?"

"Yeye anadhani wewe ndiye unayepapenda," nikasema. "Anasema hapa ndipo mahali pako."

Bi Tarcisia alinikodolea macho.

"Miaka minne," akasema polepole. "Miaka minne naoga maji ya vuguvugu kwa ajili yake, na yeye…"

"Na wewe hukumwambia," nikasema. Ulimi uliniteleza, lakini sikuurudisha.

Akanitazama vibaya. Kisha akashusha pumzi. "Sikumwambia," akakubali.

Hapo ndipo nyenje waliponyamaza.

Wote, mara moja. Mtu aliyezaliwa hapa anajua maana yake. Nikasimama, nikasikia sauti ya baba kutoka juu ya kambi, anakimbia na nyundo: "Maestrale inashuka! Shusheni mabaraza! Kila mtu ashushe baraza yake!"

Upepo wetu ule hautoki baharini. Unashuka milimani nyuma yetu na kusukuma kila kitu kuelekea majini. Kabla sijafungua kamba ya kwanza, misonobari ilikuwa imeshainama. Viti vilianza kutembea. Kofia ya Bi Tarcisia ilipaa, naye hakuitazama mara ya pili. Baba alifika, akaikumbatia nguzo kubwa ya katikati. Bi Tarcisia alishika ya pembeni, miguu bado mibichi. Mimi nilining'inia kwenye kamba.

Fermo akatokea mbio kutoka kwenye maegesho. Akaniona mimi, akamwona mama yake, akaona tulivyokaribiana, akasimama. Nadhani alielewa. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Kigingi!" baba akamfokea. "Gonga kigingi, mwalimu, unasubiri nini?"

Fermo akapiga magoti, akagonga, kisha akainua kichwa akasema kitu. Upepo ukakibeba.

"Nini?" mama yake akaita.

"Nampenda Vitalia!"

"Unataka taulo?"

"Nampenda Vitalia!"

"Sikusikii! Piga kelele!"

Mimi nilikuwa karibu na mama yake, na naapa alisikia mara ya kwanza. Nilimwona alivyojiuma mdomo. Lakini alitikisa kichwa, akaonyesha sikio, na Fermo, ambaye sijawahi kumsikia akimwita hata mhudumu wa mkahawa kwa sauti, akaitupa nyundo, akasimama wima, akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana. Na upepo, kwa zile hila zake, ukatulia kidogo kati ya pigo moja na jingine.

"NAMPENDA VITALIA, MAMA! MIAKA MITATU! NATAKA KUMUOA!"

Kambi nzima ilisikia. Viwanja sitini na viwili. Mjerumani wa namba thelathini alitoa kichwa kwenye hema lake. Kutoka upande wa karo Donna Nunzia akapaza sauti: "Hatimayeee!"

Baba akaiachia nguzo.

Hakufanya makusudi. Mikono yake ilimgeukia tu Fermo, na nguzo ikabaki peke yake. Pigo la pili la upepo likaingia chini ya turubai, kamba ikanichoma viganjani nikaiachia, na baraza ikaondoka, ikalivuta hema lenyewe, vigingi vikifyatuka kimoja baada ya kingine. Likapita juu ya vichaka, likapita juu ya mchanga, kahawia, limevimba kama ng'ombe anayeruka, likatua baharini.

"Hema la baba!" Fermo akaanza kukimbia.

"Liache!" Bi Tarcisia akapiga kelele ambayo haikuhitaji upepo utulie. "Fermo! Liache liende!"

Akasimama njiani, akageuka. "Mama, hilo ni…"

"Najua ni nini. Nimelala ndani yake miaka kumi na tisa na sikulipenda hata siku moja. Hata moja, mwanangu. Nilitakiwa kusema zamani."

Sijui ni lipi lililomchanganya zaidi, hema au hilo. Alikuja akakaa chini mbele ya mama yake, kwenye sindano za misonobari, nywele zimemsimama. Akasema, "Mimi nilidhani…" Na mama yake akasema, "Na mimi nilidhani." Kisha akamshika kichwa akakibana kwenye tumbo lake, na wakawa wanatikisika wote wawili. Sikutaka kujua kama ni kicheko.

"Wewe. Mwalimu." Baba alikuwa hajasogea. "Njoo hapa."

Fermo akainuka. Ni mrefu kuliko baba kwa kichwa kizima, lakini siku hiyo hukuweza kuona tofauti.

"Binti yangu unampeleka wapi?"

"Simpeleki popote, mzee. Ninakuja mimi."

"Wote husema hivyo mwezi wa nane. Baridi ikija mnakumbuka kwenu."

"Nina kazi Nuoro. Naanza tarehe moja Septemba. Nilisaini tarehe tisa mwezi wa saba, na chumba nimeshapanga."

Nikaingia katikati yao.

"Ulisaini?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Tarehe tisa. Mwezi wa saba."

"Ndiyo, Vitalia. Nilitaka iwe zawadi. Nilikuwa nasubiri wakati mz…"

"Mwezi mzima!" nikapasuka. Sikujali baba, sikujali Mjerumani. "Mwezi mzima silali! Mwezi mzima najiambia amekataa, hataki kuniambia, nimekonda, nimemfokea muuza barafu wa watu, na wewe karatasi unayo mfukoni?"

"Iko kwenye gari," akasema, kama vile hilo lingesaidia.

Na mimi, viganja vinawaka moto, sina hakika kama nilimpiga kifuani au nilimwangukia. Nadhani nilianza na la kwanza nikamalizia na la pili. Mikono yake ikanizunguka mbele ya watu wote, bila kutazama huku wala huku.

Baba alitukohoa.

"Vitalia," akasema, "huyu ndiye unayemtaka? Huyu atakuua kwa hasira."

"Najua, baba."

"Sijasema ndiyo."

"Najua."

"Ninachosema ni kwamba huyu mama hana pa kulala." Akamgeukia Bi Tarcisia, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, mkono ukabaki hewani. "Nyumbani kwangu kuna chumba cha dada yangu. Kina kitanda. Cha kweli."

"Kina bafu?" Bi Tarcisia akauliza.

"Kina."

"Maji ya moto?"

Baba akavimba. "Bibi, hapa si porini."

"Basi nachukua pichi zangu," akasema, akaanza kuzitafuta chini ya vichaka, na baba, akinung'unika kuhusu watu wa bara na masharti yao, akainama kumsaidia.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini tulipomkumbuka Ornella.

Niliendesha mwenyewe mpaka barabara kuu, kisha viganja vikaniuma, tukabadilishana. Fermo aliendesha kwa adabu, mwendo wa sitini, upepo unatutikisa, malori yanatupita. Nilitazama dirishani. Nilikuwa bado nimekasirika kuhusu tarehe tisa, na nilikusudia kubaki nimekasirika angalau hadi bandarini.

Tulipita daraja la kwanza, hakusema kitu. Tulipita mashamba ya zabibu, hakusema kitu. Nilimwona kwa pembe ya jicho anakunja nyusi, anakunjua, midomo inatikisika kama mtu anayefanya hesabu ya kichwa. Nikajikaza nisimuulize.

Karibu na Budoni akawasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akasimamisha gari mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa.

"Nini tena?" nikasema. "Maji?"

"Hapana." Akazima injini. Akanigeukia na yale macho yake. "Leo nimemwambia mama, nimemwambia na baba yako, na kambi nzima imesikia. Wewe sijakuuliza."

"Fermo, saa kumi na moja na nusu."

"Utakubali nikuoe?"

Nje upepo ulikuwa unapeperusha mfuko wa plastiki juu ya pampu za mafuta, na ndani ya gari kulikuwa kimya kabisa. Miaka mitatu nilisubiri sentensi hiyo. Niliwaza angeisema ufukweni, au kwenye ngazi za kanisa, au hata kwenye simu siku ya Jumapili. Amekwenda kuichagua dakika ambayo kuna msichana wa watu yuko karibu kushuka melini na mabegi yake na hakuna wa kumpokea.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Sasa endesha gari, tumechelewa."